Uji Ndani ya Nguzo

Kabla pampu haijasukuma zege, lazima bomba lilainishwe. Unakoroga mfuko wa saruji na maji mengi, unamimina kwenye pampu, na ule uji ndio unaotangulia kupita ili zege lisikwame njiani. Ukitokeza upande wa pili unaukinga kwenye toroli na kwenda kuumwaga. Hauna kokoto, hauna nguvu, hauingii popote. Mtu wa siku mbili saitini anajua hilo. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kushika mpira, ule mdomo wa mwisho wa bomba, hapa hapa Durban, na nilikuwa naringa nao.

Jumatatu ile tulikuwa Glenwood, kwenye jengo la vyumba vya wanafunzi. Malori mawili ya zege yalikuwa yamejipanga barabarani, magari yanayapigia honi, foromani anapiga kelele kwa Kizulu na Kiingereza kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeamka na kisirani changu. Toroli lilikuwa halijaletwa. Niliita mara mbili, nikachoka kuita. Mpira ulikuwa tayari juu ya boksi la mbao la nguzo ya kwenye ngazi. Nikainua mkono, maana yake sukuma, na Mkongo anayeendesha pampu, aliyekuwa kule chini na rimoti yake tumboni, akasukuma.

Niliusikia ukishuka. Uji una sauti yake, unamwagika tu kama maji ya ndoo, hauna kishindo cha mawe. Ningeweza kushusha mkono. Sikushusha. Zege likafuata juu yake, vibreta ya kushindilia ikaingia, boksi likajaa, tukahamia nguzo nyingine. Hakuna aliyeona, nami nikajikausha.

Kesho yake mafundi mbao walibandua maboksi. Nguzo nyingine zilikuwa na vishimo vya hapa na pale, kama kawaida. Ile ya ngazi, kuanzia chini mpaka usawa wa goti, ilikuwa laini, inang'aa, nzuri kuliko zote. Foromani aliipapasa, akaniambia sharp, hii ndiyo kazi. Nikacheka naye. Chakula cha mchana kilinishinda siku hiyo.

Shida ni kwamba slabu, sakafu ya ghorofa ya juu, ilikuwa imwagwe Ijumaa. Kabla ya Ijumaa, nguzo inavunjwa na kumwagwa upya, basi. Baada ya Ijumaa imeshabeba ghorofa moja, na juu yake zitakuja nyingine tatu, na watoto wa watu watalala humo na vitabu vyao. Nikisema, namwaga unga. Nisiposema, nitaishi nalo mimi, au watakufa nalo wao.

Siku mbili sikukaa wala sikulala. Nilirudi nyumbani Overport kwa miguu kwa sababu kukaa kwenye kiti cha taxi kulinishinda. Nilimfokea mke wangu kuhusu chumvi, na chumvi ilikuwa sawa. Jumatano nikaenda kumpokea sokoni Warwick, anakouza vitenge, nikabeba furushi lake. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, akasimama, akasema havuki mpaka nimwambie kinachonila. Nikamweleza yote pale pale, watu wakitupita na mizigo yao. Nilitaka aniambie ninyamaze. Nilikuwa namwomba kabisa, kwa macho. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Wewe ungelala chumba cha hapo juu?"

Nikakasirika. Nilimwambia hajui kazi ya zege, anajua vitenge, nikatangulia mbele mpaka nyumbani na furushi lake kichwani.

Alhamisi asubuhi nilianza na Mkongo, kwa sababu pampu ni yake na lawama ingemfikia. Ni mtu mpole, alikimbia vita Uvira, ana karatasi za ukimbizi ambazo kila zikikaribia kwisha anakonda. Alinisikiliza huku akipaka grisi.

"Ndugu, ukisema tutapoteza kazi sisi wote mbili," akasema. "Na mimi sina fasi ya kurudia."

Nilimwahidi nitasema ni mimi peke yangu, yeye hakuona. Na kweli hakuona. Akageukia pampu yake, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya shingo upande. Simlaumu.

Foromani alinisikiliza bila kuniangalia. Akachukua nyundo, akaigonga ile nguzo nzuri usawa wa goti. Pigo la tatu likatoa kipande kama cha biskuti, kikasagika mkononi mwake. Akasema eish, taratibu, akampigia simu injinia.

Hawakunifukuza. Walinipa mashine ya kuvunjia, wakaniambia nibomoe mwenyewe, na slabu ikasogezwa wiki nzima. Wenzangu waliniona zuzu, wakasema mdomo wangu umewakosesha siku za kazi. Nilivunja siku mbili kutwa, mikono ikafa ganzi. Juu paligoma kweli kweli, zege zuri lile, nililishika mwenyewe. Nilipofika chini niliweka mashine pembeni, nikabandua kwa vidole.

Jumamosi jioni foromani akaja akasimama na mimi mbele ya nondo tupu. Nilidhani amekuja kunishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa kushukuriwa. Aliniuliza nimeshika mpira kwenye majengo mangapi humu mjini. Nikahesabu, yakafika kumi na tisa.

"Na kote huko, ni mara hii moja tu?"

Nikajibu ndiyo, upesi, kabla hajafunga mdomo. Akanipiga bega, akaenda zake. Mimi nikabaki pale nikiyapitia majengo yale moja baada ya jingine, nikitafuta asubuhi ya kila moja. Chache nilizipata. La kumi na mbili ndilo tunalokaa sisi Overport, ghorofa ya pili, mimi na mke wangu. Mpira niliushika mimi, na asubuhi ile siikumbuki hata kidogo.