Maziwa ya Watu wa Tanuri

Kila jioni redio ilitutangazia kwamba matabaka yamekwisha nchini. Kiwandani kwetu, pale Chang'ombe tulipokuwa tunatengeneza betri za magari, yalikuwepo mawili: watu wa tanuri, waliopewa maziwa, na sie wa gundi, tusiopewa kitu. Wao waliyeyusha madini ya risasi yaliyotoka kwenye betri kuukuu. Kuanzia mnyapara hadi mfagiaji tuliamini kwamba maziwa humwosha tumbo mtu aliyevuta moshi ule. Basi saa nne asubuhi wanapanga foleni na vikombe vyao kama wana wa mfalme, na mie nabandika karatasi kwenye maboksi huku nameza mate ya kujaza bwawa.

Jirani yangu, mtu wa Songea tuliyepanga naye nyumba moja Temeke, alikuwa wa tanuri. Maziwa yake hakuyanywa. Aliyamimina kwenye chupa ya chai akampelekea mkewe aliyekuwa na kichanga. Mke wangu akaiona ile chupa.

"Mwenzako analeta maziwa," akaniambia. "Wewe unaleta harufu ya gundi."

"Gundi nayo inajenga taifa."

"Haya, itie kwenye chai tulinywe hilo taifa."

Nikaanza kumwomba mnyapara nafasi ya tanuri, nikamwomba mpaka akiniona anataka kutokea dirishani. Jirani naye akawa anakonda, tumbo linamsokota, macho yana umanjano. Hata hilo nililionea wivu, maana aliruhusiwa kupumzika kivulini.

Sote wawili tulisoma masomo ya jioni, na huko nako alinishinda kila mtihani. Siku moja mwalimu wa sayansi akachora ini ubaoni, kubwa kama ramani ya nchi. Nikanyoosha mkono, nikitaka jirani asikie.

"Shikamoo mwalimu. Eti maziwa yanaosha risasi?"

"Marahaba. Hayaoshi. Risasi ikishaingia kwenye damu inafika mpaka kwenye ini. Sasa, kila chembe ya ini imerithi maagizo: tengeneza hiki, vunja sumu ile. Hayasomwi yote kwa pamoja. Risasi haiyafuti, inavuruga usomaji wake. Agizo la kujikinga linasomwa kutwa kucha, na la kazi za kawaida linanyamazishwa. Ini linachoka, na maagizo yote bado limeyashika."

Siku hizi wanasema jeni. Mie nimebaki na maagizo, ndiyo ninayoyaelewa.

Jirani akauliza polepole, "Agizo lililonyamazishwa linaweza kusomwa tena?"

"Ukitoka kwenye moshi mapema, huenda mengi yakarudi. Ukibaki, siwezi kukuahidi."

Kesho yake alikwenda kuomba ahamishiwe gundi. Mnyapara akasema gundi kumejaa, labda apatikane wa kubadilishana naye. Kisha akaninyooshea kidole.

"Si huyu hapa? Ananililia tanuri kama mtoto anayeachishwa ziwa."

Nafasi ilikuwa yangu, maziwa na kila kitu, na yeye angepona. Jirani akanitazama, akamgeukia mnyapara.

"Huyu muache, mzee. Kuna mwalimu ametueleza jambo. Mie naacha kazi."

Hata wema alinizidi. Jioni nilimsimulia mke wangu yote, nikidhani atasikitikia yale maziwa. Akaniambia nibaki na gundi yangu na nisimtajie tanuri tena.

Jirani alirudi kwao kulima mahindi katika kijiji cha ujamaa. Miaka ilipita, kisha akaja kututembelea na debe la asali, amenenepa, mashavu yanataka kupasuka. Daktari wa huko alikuwa amemwambia ini lake halina tatizo.

"Mwenzako ana shamba," mke wangu akasema, akipokea debe.

Nilikuwa nayatazama macho ya jirani, meupe kama sahani mpya, na wivu ulionishika haukuwa wa shamba, ulikuwa wa ini.