Aliyewaambia Watu Watoke Kwenye Picha

Mpiga picha wa mtaa wa Kasenga amefariki. Habari nilipewa sokoni na mama mmoja muuza ndagala, huku akiwapangusa vumbi samaki wake. "Yule wako wa picha amekufa, mwalimu. Ni kifua. Kesho tunamuzika, usiseme haukuambiwa." Nilibaki nikilifikiria lile neno "wako". Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tangu nilipomaliza shule ya ualimu na kurudi Uvira, nilikuwa nikipita tu kwenye kibanda chake saa za jioni kumtazama akianika picha mbichi kwenye kamba. Lakini mama yule alikuwa na sababu ya kunihesabia mtu huyo, na kwa sababu hiyohiyo ninaandika leo, ingawa kila mstari naufuta mara mbili kabla ya kuuacha.

Wengi wenu wa mwambao huu mmekalia kigoda chake. Buku ya kitambulisho inataka picha, na ofisi ya serikali inataka picha isiyo na kitu nyuma ya mtu: pasionekane ukuta, wala mgomba, wala kichwa cha mtoto anayechungulia. Marehemu alikuwa na shuka jeupe la kazi hiyo, akalitundika kwa miaka bila kuchoka. Siku moja mvuvi alikuja na kafi lake begani, akataka kupigwa nalo.

"Weka chini," marehemu akamwambia. "Ofisi inataka weye, haitaki kafi."

"Bila kafi minye ni nani?"

"Utajua ukishasoma buku yako."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Siku hizi kicheko kile nakikumbuka kwa aibu.

Jumapili baada ya misa alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna aliyemtuma. Alipiga picha mahali palipohamwa: ghala la pamba lililoanguka paa, kanisa dogo lililomezwa na mitambaazi, na zaidi ya yote vile vijiji vya mlimani ambavyo watu wake waliamriwa kushuka, wakapangwa kando ya barabara kwa mstari ulionyooka ili wahesabike upesi. Huko kanuni yake iligeuka. Chini hakutaka kitu nyuma ya mtu. Juu hakutaka mtu mbele ya kitu. Alisubiri hata mbuzi apite. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba mahali palipoachwa panasema penyewe, na ukitia mtu, mtu atasema peke yake. Niliona ni maneno mazuri mno, nikayaandika kwenye daftari langu.

Tulipanda pamoja mara moja, mlima ulio juu ya Makobola. Kijiji kilikuwa kimebaki mivumu. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu anayejenga huzungushia ua wake vigingi vya mvumu, mti wa jamii ya mkuyu; vigingi hivyo huota mizizi na majani, na mwenye nyumba akifa, ua wake hubaki umesimama kama miti mikubwa. Katikati ya duara moja la mivumu tulimkuta mama akifagia mahali alipozikwa mume wake. Alikuwa amepanda tangu alfajiri.

"Mama, sogea kidogo," marehemu alisema. "Unaingia mu picha."

"Niende wapi? Hapa iko kwangu."

Mimi, kijana msomi, niliona nisaidie. Niliinua kikapu chake cha ndizi nikakiweka nje ya duara. Mama alikifuata kikapu. Akasimama nyuma ya mvumu, na picha ikapigwa.

Ilitoka nzuri kuliko zote, ikatundikwa kibandani. Karani mmoja aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho aliisifu, akasema mkubwa wake angependa kuiona. Marehemu akamfungia kwenye karatasi safi. Nani asiyependa kusifiwa? Miezi michache baadaye tukasikia kwamba mlima ule umeandikwa ardhi isiyo na mtu, na kwamba mlowezi mmoja anapewa apande kahawa. Ushahidi ulikuwa ndani ya dosye, lile faili la ofisi: picha.

Mama alishuka hadi kibandani. "Wanasema ni pori," alimwambia marehemu bila kupaza sauti. "Pori gani linaota mu duara? Na minye nilikuwa nyuma ya muti, napumua."

Walienda ofisini pamoja, nami nikafuata. Marehemu akadai picha yake.

"Dosye imekwisha kupanda kwa wakubwa," karani alisema.

"Picha ni yangu."

"Picha ni yako, mzee. Pahali si pako."

Wiki ile alipanda mlima tena, safari hii na familia zote zilizoshushwa, akaipiga kila moja chini ya mvumu wake, wazee wameshika magome, watoto wamening'inia kwenye matawi. Alizipeleka bado zinanuka dawa. Karani alizitazama moja moja, akazirudisha. "Hawa ni watu," alisema. "Watu tuko na picha zao, kila mumoja mu buku yake."

Nimeyatafuna maneno hayo mwaka mzima na bado yananikwama. Mtu anaondolewa mahali pake kwa amri, kisha mahali panaitwa patupu kwa kuwa hayupo! Mti uliopandwa na mkono wa babu unaitwa pori kwa kuwa babu hakuacha saini. Mivumu ilikatwa yote kabla ya mvua za vuli. Marehemu alilikunja shuka jeupe, akakataa kulitundika tena. Aliyekuja alipigwa picha pamoja na mlango wa nyumba yake, na ng'ombe wake, na kafi lake, na ofisi ikazikataa picha hizo, na wateja wakahama. Alikufa kibanda kikiwa karibu kitupu.

Juzi tulimzika. Mama wa ndagala, ambaye ndiye yule wa mlimani, alikuja na kigingi kibichi cha mvumu alichokiokoa siku ya shoka na kukiotesha nyuma ya nyumba yake ya barabarani. Alikipanda kichwani pa kaburi. Mpiga picha mgeni, aliyeitwa na jamaa, alituomba tusogee ili kaburi lionekane vizuri. Nilitazama chini, nikaona kikapu cha mama karibu na mguu wangu.

Sikukigusa. Hakuna aliyesogea.

"Piga hivyo hivyo," mama alimwambia.

Basi ndugu msomaji, siku utakapoonyeshwa picha ya mahali pazuri, pametulia, miti na ukimya tu, na ukaambiwa hapana mwenyewe, usiisifu haraka. Uliza kwanza ni nani aliyeambiwa asogee, na nani alimbebea kikapu.