Gauni la Mdoli

"Jino la utoto hilo, litang'oka lenyewe! Mnataka kumchokonoa mwanangu bure?"

Mdogo wangu alimfokea daktari wa meno kana kwamba ameibiwa. Ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Huo kwetu ni ugonjwa wa ukoo. Binti yake wa miaka mitano alilala kwenye kile kiti kirefu, mkono shavuni.

"Mama, gego hili bado lina miaka mingi ya kutafuna," daktari akasema. "Limeoza mpaka ndani. Nitatoa uozo na sehemu iliyougua, niweke dawa, kisha nilifunike kwa kofia ya chuma. Huwa anakula vizuri?"

Mdogo wangu akanywea. Siku zote hizo mtoto alikuwa akibakiza chakula, naye akimwambia aache kudeka. Alimwahidi kumshonea mdoli wake gauni siku atakayomaliza sahani. Hiyo siku haikufika.

"Aliniambia linamuuma, dada," akaninong'oneza. "Nikamwambia ni visingizio."

Nilitaka kumpa vidonge vyake kwa maneno makali, lakini nilipomtazama usoni, nikamshika bega.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliketi kwenye cherehani, akachagua kitambaa chekundu, akashona. Mtoto alisimama kando, mdomo ungali na ganzi.

"Lakini mama, sijamaliza kula."

"Najua, mwanangu. Mwenye deni ni mimi," akasema, akamvalisha mdoli gauni.