Karibu ya Mvuani

Jikoni leo koti langu lililolowa limening'inia karibu na sufuria ya pilau, na harufu ni ileile ya matembezi yetu bustanini. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini Waingereza walikula mikate yao kwenye mabenchi bila wasiwasi. Mama naye akafunua sufuria yetu ya pilau chini ya mwavuli, akawa anamwambia kila apitaye, "Karibu," nami nikitafsiri kwa aibu. Wote walishukuru wakapita, kama ilivyo ada kwetu, isipokuwa bibi mmoja wa Kizungu mwenye mbwa. Yeye aliketi.

"Huyu kakaa kweli," baba alinong'ona.

Mama akakusanya baibui lake mbwa asiliguse, akampakulia bibi huyo nyama yote iliyobaki. Alikuwa mgeni wetu wa kwanza tangu tuhamie London.