Kilindo cha Asali na Karata Tatu

Ndiyo, na mimi nilicheza. Hujaniuliza, najua, lakini nimeshakujibu, usipate tabu ya kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Karata tatu, kwa mkono wangu huu huu unaomenya muhogo. Kwa hiyo ile hadithi yako ya simu kutumbukia mtoni huko Ulaya, mwanangu, iweke pembeni. Mto gani huo unamfanya mtu arudi na kwaya yake halafu ajifungie ndani wiki nzima, kanisani hataki, akiulizwa safari ilikuwaje anaangalia dari?

Mwenzako wa sauti ya pili alipita hapa jana. Unamjua anavyoongelea puani: "Bibiii, mwambie Suzana asijisikie vibaya, pale darajani hata wazungu wenyewe wanaliwa na vile vikombe vitatu." Nikamwambia ahsante mama, vikombe gani tena? Akajishika mdomo. Umbea haufichiki, hata ukiuimbia tenzi.

Usinune. Sogeza ungo wako wa mchele hapa karibu, upepete huku unasikiliza.

Nakumbuka siku moja iliyonuka dizeli na dagaa wakavu, stendi ya Bujumbura, mimi msichana wa miaka ishirini hivi, ndoa yangu haijamaliza mwaka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga nchi ya watu. Nilivaa kitenge kipya na viatu vya kubana, natembea kama bata, nikiona kila mtu ananitazama mimi.

Na nilikuwa na kiburi, sikufichi. Shule sikuikanyaga. Shule yangu ilikuwa bani la kukaushia tumbaku, kule Urambo. Majani yakitoka bani yananijia mimi niyachambue: hili rangi ya limau, hili rangi ya chungwa, hili lina doa, tupa kule. Wanaume wazima wakibisha nawaambia, lipelekeni juani mkaangalie. Wanalipeleka, wanarudi wamenywea. Macho haya yalinipa jina kijijini. Basi nikadhani Mungu alipogawa macho, mimi nilikuwa mbele ya foleni.

Niliyesafiri naye ni mama mkwe wangu, mama yake babu yako, Nyamizi jina lake. Wewe hukumkuta. Mwanamke mdogo, ukimwona kwa nyuma utadhani binti wa darasa la tano, na sauti kama ya kifaranga: "Mkamwana, umekula? Mkamwana, funga mlango." Lakini shingo! Shingo ile ilibeba maji, kuni, mahindi, na misiba miwili mikubwa, haikupinda. Wazazi wa babu zake walikuwa watu wa misafara. Babu yake mwenyewe alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji mpaka pwani, zamani hizo reli haijaota.

Tulikuwa tunakwenda kwa wifi yangu, binti yake, aliyeolewa kule. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ikakaa, akajifungua salama, mtoto wa kiume. Na baba mkwe, aliyekuwa mrina asali, alishafariki bila kumwona mjukuu. Aliacha mzinga mmoja porini haujarinwa. Mama mkwe akaurina, asali yote akaitia kwenye kilindo, kile chombo cha gome la mti ambacho marehemu alikishona kwa mkono wake. Akasema, "Uji wa mwanangu utatiwa asali ya baba yake." Hakuna mzinga mwingine, mwanangu. Ikiisha hiyo, mikono ya yule mzee imeisha duniani. Kilindo nikapewa mimi nibebe. Heshima hiyo, mkamwana mgeni!

Ndani ya garimoshi mama mkwe hakulala. Kila stesheni ana neno. "Hapa babu na wenzake walipiga kambi. Hapa Uvinza walinunua chumvi. Babu alisema njiani ukikutana na mtu, kwanza tazama amebeba nini, halafu ndiyo umwulize jina." Mimi nasinzia, naitikia tu: ee mama, ee mama. La kuambiwa lilipita hapa likatokea hapa.

Reli ilipoishia tukapanda basi, tukafika. Akaniambia, "Mkamwana, simama hapa. Naenda kuuliza gari la kwa wifi yako. Kilindo usikiweke chini." Akaenda, furushi lake kichwani, hata kwa mkono halishikilii.

Sikukiweka chini. Dakika tano nzima! Halafu nikasikia shangwe.

Mduara wa watu, katikati kijana kachuchumaa, mbele yake boksi, juu ya boksi karata tatu. Mbili nyeusi, moja nyekundu. Anazipanga, anazivusha, anazilaza, na mdomo haupumziki: "Karibia mama, karibia baba, usiogope! Hapa hakuna mwizi, hapa kuko macho tu! Mwenye macho anakula, mwenye usingizi analia!" Mwanangu, nisiseme uongo, mikono ile ilikuwa mizuri. Nimeona wasukaji wa nywele, nimeona wapiga ngoma, sijaona vidole kama vile. Fundi ni fundi, hata akiwa mwizi mpe sifa yake.

Alikuwepo mzungu mmoja kijana, mwekundu kama nyanya, shanta mgongoni kubwa kumzidi. "Mimi ona! Mimi ona!" Anaonyesha kidole. Karata ikafunuliwa, nyeusi. Saa yake ya mkono ikaenda. Akacheza tena, kofia ikaenda. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nikasema moyoni, macho ya paka yote hayo na hayaoni! Maana mimi kila mara niliiona ile nyekundu ilipo. Kila mara. Nyani haoni kundule.

Pembeni yangu mama mmoja mnene, mchangamfu, ananukia sabuni ya wageni. Yeye alikuwa anakula tu. Akanigusa bega: "Dada yangu, una macho wewe, nakuona. Mbona huchezi?" Nikamwambia sina kitu. Akaangalia kilindo. "Hiyo nini?" Asali ya Tabora. "Ya Tabora! Mungu wangu! Weka hiyo." Nikasita. Hapo kijana wa karata akageuka kumtukana mtu nyuma yake, na yule mama, upesi, akakunja pembe ya ile karata nyekundu, kidogo hivi. Akaninong'oneza, pumzi yake moto sikioni: "Umeona? Sasa hata kipofu anaijua."

Sikia hapo, mwanangu, hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Mimi sikudhani naibiwa. Nilidhani ninayeiba ni mimi.

Nikaweka kilindo chini.

Karata zikapita, zikavuka, zikalala. Pembe iliyokunjwa hiyo hapo, naiona kama doa kwenye jani. Nikaweka kidole. Kijana akaifunua polepole, ananitazama usoni.

Nyeusi. Na pembe imekunjwa.

Sikulia.  Nilimwona mtu anakikwapua kilindo cha marehemu anakitia kwapani, na mimi mdomo wazi, nafikiria kitu kimoja tu: wifi yangu atakunywa uji mweupe, na mama mkwe atanitazama kila siku ya maisha yangu.

Nikageuka, nikamkuta nyuma yangu. Furushi kichwani. Sijui alisimama hapo tangu lini.

Hakunigusa, hakunifokea. Aliuliza swali moja, si kwangu, kwa wale watu. Swali fupi. Nitakuambia, acha papara, na huo mchele unaumwaga.

Akauliza. Halafu wale makuli wa stendi, wabeba mizigo waliokuwa wamekaa ukutani, mmoja akaanza kucheka. Akacheka wa pili. Wakainuka wote, wakasogea kwenye mduara, wamemkazia macho yule mwenye kilindo. Naye akakirudisha chini taratibu kama kitu kilichomchoma. Yule mama mnene akakumbuka ana ugali jikoni. Boksi likabaki, karata zikabaki, watu hakuna! Mzungu kasimama peke yake anasema "Nini? Nini?" Saa yake ilishaenda, kofia aliokota.

Mama mkwe akafunua kilindo, akachovya kidole, akalamba. Akakifunika, akanitwika. "Twende, gari limepatikana." Basi.

Njia nzima nangoja kusemwa. Nikajua anangoja tufike kwa binti yake anianike. Tukafika, akasema, "Asali ameibeba mkamwana wangu kutoka Urambo, shingo imemuuma, mpeni maji aoge." Tukarudi nyumbani, nikajua sasa atamwambia mwanawe. Hakumwambia. Babu yako amekufa hajui. Yule mama mkwe aliwafunua wezi mbele ya watu wa ugenini, akanisitiri mbele ya watu wa kwetu. Na mimi ninayeiga sauti za watu wote hapa mtaani Ng'ambo, padri namwiga, mwenyekiti namwiga, yule sijawahi kumwiga kumcheka. Nikiitoa sauti yake, natafuta tu kuisikia.

Sasa nasaha, maana naona unaingoja huku unajifanya unaokota mawe.

Wewe ni fundi cherehani, uzi unautunga gizani. Ndiyo maana ukasema, vikombe vitatu na kipira kimoja vitanishinda mimi? Ukaweka simu. Mtego wa ugenini hautegwi kwenye ujinga wako, unategwa kwenye kile unachojivunia. Siku ukijiona mjanja kuliko mduara mzima, shika mzigo wako uondoke. Na vidole vya fundi usishindane navyo kwa kuvitazama, hata mimi vilinishinda. Mtazame aliyesimama karibu yako. Na ukimkuta mwenzio kaliwa usimcheke, mcheka kilema hafi hakijamfika. Msitiri. Lakini aibu yako mwenyewe usiifungie ndani, itaota ukungu kama tumbaku mbichi. Jumapili nenda ukaimbe, na wale wasichana wadogo wa kwaya uwaambie kilichotokea pale darajani, ili wakienda na wao wajue.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na shingo ya kurudi na mzigo wako mwenyewe. Akupe nyuma yako mtu wa kuona usichokiona. Na simu nyingine utapata. Amina, sema amina.

Eee, swali. Nilijua hutalisahau.

Alisimama na furushi lake kichwani, karata hata moja hakuitazama. Aliwatazama wale watu mikononi, mabegani, miguuni, mduara mzima. Kisha kwa sauti ile ya kifaranga, stendi yote ikasikia:

"Walioliwa hapa wana mizigo, nyie mnaokula hamna hata kifurushi. Mnasafiri kwenda wapi?"