Ua Lililomfukuza Papa Mezani

Sisi tuliokulia Kadutu siku za Zaïre, baba zetu wakiitwa citoyen badala ya bwana, huku koti la abacost likiwabana shingo, tulikuwa na maua ndani ya nyumba. Maua yenye kunywa maji, si haya ya leo yanayopanguswa vumbi siku ya wageni. Yaliota kwenye mikebe ya maziwa ya unga, juu ya vitambaa vya krosheti, na mtoto aliyerukaruka karibu nayo alipata kofi lililosikika mpaka Bagira.

La kwetu lilikuwa na majani mapana kama masikio ya tembo. Koko, mama yake maman, alilitoa kwake Kavumu siku ya harusi, akamkabidhi papa, baba yetu, mbele ya watu wote: "Mukwe, nitakuwa naangalia hii majani. Ikiwa muzuri, nitajua mutoto wangu iko muzuri. Ikikauka, nitakuja." Papa alicheka. Hakujua kwamba amewekewa polisi ndani ya salon, sebule yake mwenyewe.

Miaka ikapita, ua likanenepa mpaka mizizi ikapasua mkebe. Kulihamisha ilikuwa kazi ya maman, lakini habari ikafika kwamba Koko anakuja Pasaka, na papa akatangaza kuwa kazi hiyo inataka mwanaume. Akaagiza gunia la udongo mwekundu kutoka kwao Nyangezi.

"Hii maua imezoea udongo mweusi ya Kavumu," maman akasema.

"Citoyenne, tunarudilia asili! Udongo ya wababu haishindwe."

"Wababu ya nani? Hii maua haina babu Nyangezi."

Papa akanunua ndoo mpya, nyekundu. Kuitoboa chini alikataa katakata, eti maji yangechafua sakafu yake iliyopakwa sirage ikang'aa kama kiatu. Akalishika ua shingoni kama kuku wa Noeli, akalikung'uta mpaka mizizi ikabaki uchi, akashindilia udongo kwa kisigino. Kisha akalimwagia maji ya kuogesha ng'ombe wawili, akaliweka barzani, jua la saa sita, ili majirani waone. Majirani waliona. Siku ya tatu majani yalikuwa yameinama kama wanafunzi walioanguka mtihani. Siku ya tano yalikuwa ya manjano.

Zilibaki siku mbili Koko afike. Papa, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuogopa shefu yeyote wa Zaïre nzima, akachukua mafuta ya mawese, akapaka jani moja moja mpaka ua likawaka kama gari la gavana.

Koko aliingia, hakusalimia mtu. Akashika jani. Akanusa kidole.

"Mukwe, hii maua mutaikaanga saa ngapi?"

Sisi watoto tulikimbilia nje kwenda kucheka. Papa akasogea mlangoni. Kwetu mwanaume hajibizani na mama mkwe, wala hali chakula mbele yake. Na hapo ndipo adhabu ikamshukia: "Sitoki hapa mpaka nione jani mupya."

Koko alilitoa ua polepole. Chini ya ndoo udongo ulikuwa tope linalonuka kinamasi. Akatoboa ndoo kwa msumari wa moto, akatanguliza changarawe, akajaza udongo mweusi uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyokaa. Alikuwa amekuja nao kwenye kikapu, chini ya viazi. Alimjua mkwe wake! Kisha akaliweka kivulini nyuma ya jikoni.

"Imehama, imechoka, muiache ipumuzike. Maji kidogo, na mutie kidole kwanza. Udongo ikiwa na baridi, musimwange kitu."

Kwamba mizizi inapumua, mimi nilikuja kuambiwa ukubwani, kwenye masomo ya jioni, tena kwa kulipa. Koko alijua bure.

Wiki tatu papa alikula jikoni, magoti kidevuni, katikati ya moshi na kuku. Mkanda wake uliongezwa matundu manne. Kila asubuhi, na abacost yake, alichuchumaa mbele ya ndoo akilibembeleza ua: "Ota, maman. Nakuomba, ota basi."

Jumapili moja, tukijiandaa kwa misa, tulisikia ukelele wa papa: "Imetoka! Imetoka!" Jani lilikuwa limejikunja kama sigara, kijani kibichi. Koko akalitazama, kisha akamtazama maman usoni, muda mrefu. "Unakula? Unalala?" Maman akasema ndiyo. Koko akafunga kikapu. Mchana huo papa alikaa mezani, akala ugali wa watu watano.

Vijana wetu wa leo wamejanjaruka. Maua yao ni plastiki. Hayaombi kivuli, hayapasui mkebe, hayamwiti mama mkwe. Wanayapiga picha, wanatutumia kwenye simu, na sisi tunajibu kwa vidole gumba.

Juzi nilimtembelea binti yangu kwa mumewe. Salon ni bustani ya Edeni, majani yanang'aa. Yeye mwenyewe amekonda, macho mekundu, ananiambia, "Ça va, maman," eti hajambo. Nikashika jani. Nikanusa kidole. Hakikunuka kitu.

Nikaweka kikapu changu chini. Kuanzia siku hiyo mkwe wangu anakula jikoni.