Bwana Mkubwa Juu ya Mpichi Wetu

Mara ya kwanza walipokuja kutuibia, niliwapikia chai.

Naomba nieleweke. Nilikuwa mgeni kabisa kwenye milima ya Kilolo. Kwetu ni Rungwe, kwa watu wa migomba, ambako mnyama mkubwa kuliko wote unayeweza kumkuta shambani ni fuko. Nilikutana na mume wangu Mbeya mjini. Alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Akanioa, akanileta kwa mama yake, akakaa nasi siku nne, kisha akarudi barabarani kututafutia riziki mimi na mama yake, kama alivyosema, ingawa nadhani alikuwa anaipenda zaidi barabara. Kwa hiyo asubuhi moja ya Jumamosi nilipoona Land Rover inapanda kilima chetu na kusimama uani, na wanaume wawili wakishuka wamevaa kofia pana na soksi ndefu mpaka magotini, nilijua hao ni ndugu wa mume ambao sijatambulishwa. Nikafuta viti. Nikatia tangawizi kwenye chai.

Mmoja alikuwa bwana mkubwa wa ofisi fulani ya pale Iringa mjini. Ofisi yenyewe siitaji, maana watu wake wengi walikuwa wema na huyu aliwatosha kwa ubaya wote. Mwingine alikuwa dereva wake, kijana mrefu asiyesema. Bwana mkubwa alikunywa vikombe viwili, akaisifia chai, akaniita shemeji. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya wazazi:

"Hivi shemeji, pongo wenu hunywea maji wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hata leo kidole hicho nakionea aibu.

Bonde letu lilikuwa chini ya nyumba. Kulikuwa na shamba la maharage na njegere, halafu chemchemi, halafu kipande cha msitu ambacho baba mkwe, kabla hajafa, alikataa kukikata. Alizikwa pembeni ya msitu huo. Wakati wa kuhamia vijijini wenzetu wengi walibebewa vitu vyao wakaacha mashamba, lakini sisi kijiji kilitufuata chenyewe, kikajengwa ng'ambo ya mto, tukabaki na bonde letu. Ndani ya msitu waliishi pongo wachache, wale swala wekundu wenye madoa meupe, na mmoja wao, jike, alikuwa na tabia ya kuja alfajiri kula majani ya maharage. Mama mkwe alimtukana kila siku kwa Kihehe, matusi marefu yenye mpangilio mzuri. Lakini mtu akitega mtego mle, mama mkwe anautoa mwenyewe na kwenda kuutupa mlangoni kwa mwenye mtego. "Huyu ni mwizi wangu," aliniambia. "Nimemzoea."

Nilisikia mlio wa bunduki mmoja, kisha wa pili. Land Rover ikapita shambani, katikati ya njegere zilizokuwa zimeanza kutoa maua, ikaenda kupakia na kurudi. Bwana mkubwa alinipungia mkono dirishani. Mtu mwenye adabu sana.

Mama mkwe aliporudi kutoka kwenye kikao cha akina mama wa kanisani, alizikuta alama za matairi kwenye njegere. Akateremka mpaka chemchemi. Matumbo ya mnyama yalikuwa yanaelea mle tunamochota maji. Alipopanda tena aliviona vikombe viwili mezani.

"Walikunywa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Na tangawizi?"

Nikainamisha kichwa. Hakunigombeza. Alichukua jembe, akaenda kufukia matumbo, halafu tukashinda siku mbili nzima, mimi na yeye, kuitoa maji chemchemi kwa ndoo mpaka ikasafika. Alfajiri zilizofuata hakuna aliyekuja kula majani ya maharage, na mama mkwe hakuwa na wa kumtukana.

Wiki mbili baadaye walirudi. Safari hii mama mkwe alikuwepo, na alisimama katikati ya njia na jembe lake. Alikuwa mwanamke mfupi. Gari lilisimama karibu kumgusa.

"Kamwene," alisalimia, maana hata kwa mwizi hakuacha kusalimia. "Ndugu yangu, mnakwenda wapi?"

"Kuwinda, mama. Nina leseni."

"Leseni ya shamba langu?"

Bwana mkubwa akacheka, akatoa kichwa nje. Aliongea naye taratibu, kama watu wa mjini wanavyoongea na watu wa shamba, wakidhani tatizo letu ni masikio.

"Mama, hakuna shamba la mtu siku hizi. Ardhi ni ya umma. Wanyama nao ni wa umma. Na mimi ni mtumishi wa umma. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na maharage haya ni ya umma?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi shuka, umma, uyapalilie. Yana magugu."

Dereva aliangalia upande mwingine, mabega yakamtetemeka. Bwana mkubwa aliacha kucheka. Alimwambia dereva azunguke, na gari likazunguka, juu ya maharage ya umma, likaingia msituni. Wakatoka na pongo wengine wawili na kanga wanne. Walipopita hawakutupungia.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mwema na mwoga, sifa mbili ambazo kwake zilikaa pamoja kwa amani. Alisema jambo ni zito, alisema limemuuma, halafu akasema inafaa liandikwe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima, ambako mama mkwe alikuwa mwanafunzi wangu mkaidi kuliko wote. Kwa hiyo niliandika mimi, na yeye akasema. Tulieleza yote: kwamba shamba letu linaharibiwa, njegere na maharage vinakanyagwa, chemchemi inachafuliwa, na kwamba wahusika huingia kutoka upande wa barabara, huja Jumamosi, na hawana haya. Mwisho mama mkwe akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, jasho likimtoka. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani. Nikapanda basi mpaka Iringa, nikaikabidhi kwa karani wa ofisi ya bwana mkubwa, naye akaigonga muhuri kwa nguvu iliyonipa matumaini.

Tulisubiri. Maharage yaliyosalia yalikomaa, tukayavuna. Ndipo jibu likaja kupitia kwa mwenyekiti, limepigwa chapa vizuri kabisa. Nililisoma kwa sauti, mama mkwe amekaa kwenye kigoda amekunja mikono kama yuko ibadani.

Ofisi ilitushukuru. Ofisi ilisikitika kusikia kwamba shamba letu linaharibiwa na *wanyama waharibifu*, kwamba wanakanyaga mazao na kuchafua maji. Ofisi ingetuma mtaalamu na bunduki aje awapunguze.

Nilirudia kusoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mama mkwe akaniuliza kama tuliandika neno wanyama. Nikasema hatukuandika. Akafikiri.

"Tuliandika hawana haya," akasema. "Wakadhani ni nguruwe."

Na mtaalamu, mtakuwa mmeshajua, alikuwa ni yeye. Alikuja na soksi zake zilezile, mkononi ana nakala ya barua yetu, akasema amekuja kutusaidia kama tulivyoomba. Sijui hata leo kama alifanya makusudi au kama ofisi ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyependa kutoka nje. Mama mkwe aliitazama sahihi yake mwenyewe pale chini ya karatasi, zile herufi alizozitolea jasho. Akampisha. Tukaenda kuchuma njegere za mwisho.

Sasa, pongo walikuwa wamekwisha au wamehama. Kilichobaki mle msituni ni nguruwe pori mmoja, dume zee lenye meno yaliyojitokeza nje, ambalo hata mbwa wa kijiji waliliheshimu. Bwana mkubwa aliliona kwenye kichaka, akapiga, akalipata begani. Kumbe begani hapatoshi.

Tulichosikia sisi ni mlio, halafu ukelele ambao si wa nguruwe. Dereva alitoka msituni akikimbia kwa mapaja yaliyoinuka juu sana, akaruka ndani ya Land Rover, akafunga mlango na kupandisha kioo. Nyuma yake bwana mkubwa, hana kofia, hana bunduki. Aliona gari limefungwa. Akaligonga. Dereva, kwa hofu nadhani, au kwa miaka mingi ya kuitwa "wewe", hakufungua. Nguruwe akatokea. Bwana mkubwa akaona mpichi.

Ulikuwa mpichi mwembamba ambao mama mkwe aliupanda kwa ajili ya wajukuu, na sikuwahi kufikiri unaweza kumbeba mtu mzima. Ulimbeba, ukiwa umeinama. Nguruwe alisimama chini, anavuja damu, anapiga shina kwa pua yake. Kila akipiga, mapichi mabichi matatu manne yanadondoka.

"Mama!" bwana mkubwa akaita. "Mama, mfukuze!"

Nilimshika mama mkwe kanga, akajitoa. Alisogea mpaka kwenye tuta la juu, nguruwe hawezi kupanda upesi pale, akasimama na debe la kuchumia mkononi.

"Mimi sina leseni," akasema.

"Mama, tafadhali!"

"Huyo ni mnyama wa umma, na wewe ni mtumishi wa umma. Ongeeni."

"Mama, mti unakatika!"

"Mti wa nani?"

Nguruwe akagonga tena, na tawi likalia.

"Wako, mama! Mti wako!"

"Na shamba?"

"Lako!"

"Sema na watu wa ng'ambo wasikie."

Akasema. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshasikia muda mrefu, na walikuwa wanavuka mto, mwenyekiti akiwa wa mwisho. Ndipo mama mkwe akapiga debe, nami nikapiga la kwangu, watu wakapiga kelele, na lile dume likayumba hatua chache, likalala kwenye mabua makavu ya maharage. Halikuinuka. Lilikuwa limeshakufa likiwa limesimama, nafikiri, kwa ukaidi tu.

Mpichi ulimshusha bwana mkubwa wenyewe kwa kukatika. Aliteguka kifundo cha mguu. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto, kwa mikono migumu, na alipolia aliambiwa anyamaze. Bunduki ilipatikana kichakani. Mama mkwe aliifunika kwa gunia, akaikalia, akasema atainuka akiandikiwa. Mwenyekiti, ambaye kwa kuwa watu walikuwa wengi ghafla alipata ujasiri wa watu wengi, akatoa kalamu. Bwana mkubwa akageuza nakala ya barua yetu, akaandika mgongoni kwamba hataingia tena katika shamba la mama huyu bila ruhusa yake. Mama mkwe akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akasema neno ruhusa halijaandikwa vizuri. Likaandikwa upya.

Walipoondoka, na nyama ikagawanywa kijijini, nilimkuta jikoni ameshika kiazi na kisu, hamenyi.

"Nilidhani atatupiga," akasema. "Pale njiani, siku ile. Na leo, akishuka. Niliogopa tangu mwanzo, mwanangu. Wewe hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa nimeishi naye miezi hiyo yote nikidhani ameumbwa bila woga, na nilikuwa nikimwonea wivu. Nilichukua kisu nikamenya viazi mimi, na yeye akakaa karibu na moto mpaka vikaiva.

Mengine ni mafupi. Ofisi ilituletea nakala ya ripoti: mnyama mharibifu mmoja ameuawa, mtaalamu ameumia akiwa kazini, wananchi wameridhika. Bwana mkubwa hakurudi kwetu. Mtu wa neno lake. Jumamosi tuliisikia Land Rover ikipanda bonde la pili, kwa mzee mmoja asiyejua kusoma, na milio ya bunduki ilitufikia vizuri sana hewa ilipokuwa kavu. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akahamishiwa mkoa mwingine wenye wanyama wengi zaidi. Yule dereva alikuwa amefukuzwa kabla ya hapo, mara tu baada ya kisa cha mpichi, akaenda kutafuta kazi kwenye malori.

Mume wangu ndiye aliyekutana naye Mbeya, kwenye kituo cha mafuta, akasimuliwa kisa chote na mtu asiyejua anamsimulia nani. Alirudi nyumbani wiki hiyohiyo, kabla ya likizo yake kufika, akatukuta mimi na mama yake tumeinama kwenye maharage machanga, na mzee wa bonde la pili amekaa tutani, ameleta karatasi tupu tumwandikie.